Bahari kwanza au mlima kwanza? Naomba ushauri kuhusu kupiga mbizi Mnemba

Mwongozaji wa Rau, Moshi

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwongozaji wa wapanda mlima Kilimanjaro, naishi Rau, na kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kuwapeleka watu juu. Mwezi wa Februari mimi na mke wangu tutatimiza miaka kumi ya ndoa, na tumekuwa tukiweka akiba kwa muda mrefu ili twende Unguja tukajifunze kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa kwenye matumbawe ya Mnemba. Mke wangu ni mwogeleaji mzuri. Mimi nilijifunza ukubwani, katika bwawa la hoteli hapa mjini, na ninaogelea bila hofu ingawa si kwa kasi.

Shida ni tarehe. Nimepangiwa safari ya mlimani ya siku saba kwa njia ya Machame, inayoanza siku moja tu baada ya sisi kurudi. Nilikusudia tupige mbizi asubuhi ya siku ya mwisho, tupande ndege jioni hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na kesho yake niwe langoni Machame pamoja na wageni. Rafiki mmoja amenionya kwamba mtu aliyetoka kupiga mbizi hapaswi kupanda ndege mapema, sembuse mlima. Mwingine anasema onyo hilo ni la ndege tu, na kwamba tukirudi kwa boti hadi Dar es Salaam kisha tukapanda basi, hakuna tatizo. Naomba kujua ukweli pamoja na sababu yake, kwa kuwa mlimani huwaeleza wageni sababu ya kila katazo, na katazo nisilolielewa hunisumbua.

Mama Njiro, Arusha

Kaka, hongereni kwa miaka kumi. Kabla ya kuhamia Arusha nilifundisha kupiga mbizi huko Nungwi kwa miaka sita, na swali lako nililisikia karibu kila wiki, kwa sababu wageni wengi huunganisha kisiwa na Kilimanjaro katika safari moja. Rafiki yako wa kwanza yuko sahihi.

Hewa tunayoivuta ina naitrojeni kwa zaidi ya robo tatu. Nchi kavu gesi hiyo huingia na kutoka mwilini bila madhara. Ukishuka mita 10 baharini, shinikizo linakuwa mara mbili ya lile la ufukweni, na ukifika mita 20 linakuwa mara tatu, hivyo naitrojeni nyingi zaidi huyeyuka katika damu na katika nyama za mwili. Ukipanda juu polepole gesi ile hutoka kwa njia ya mapafu, lakini si yote, na sehemu inayobaki huendelea kutoka kwa saa nyingi baada ya wewe kukauka na kuvaa nguo zako. Bila shaka umewahi kuona pakiti ya krispi iliyofungwa Moshi ikivimba ukifika nayo Shira, kule juu mlimani. Shinikizo la nje limepungua, na gesi iliyo ndani inatafuta nafasi. Mwilini, naitrojeni iliyobaki ikifikishwa haraka mahali penye shinikizo dogo hufanya mapovu, nayo mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na katika hali mbaya hata kupooza. Tiba yake ni oksijeni na chumba maalumu cha shinikizo, ambacho hakipo mlimani.

Kwa ndege, mwongozo unaotumiwa na wapiga mbizi wengi ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 ikiwa umepiga mbizi mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Sisi tulikuwa tukiwaambia wageni wote saa 24, ili pasiwe na hesabu za kubahatisha. Angalia, hata hivyo, kwamba saa hizo zimewekwa kwa kufikiria hewa ya ndani ya ndege, ambayo huwa sawa na kuwa kwenye mwinuko usiozidi mita 2,400 hivi. Wewe siku ya kwanza tu utalala kwenye kambi ya Machame, karibu mita 3,000, na kileleni, mita 5,895, shinikizo ni takriban nusu ya lile la ufukweni. Kwa hiyo saa 18 hazikuhusu wewe.

Kuhusu basi: mwili haujui kama umepandishwa na ndege au na barabara. Moshi yenyewe iko juu kuliko mita 600, ambapo tahadhari huanza, na Arusha iko karibu mita 1,400. Safari ya boti na basi inasaidia kwa sababu tu inachukua muda mrefu. Mlima ukiwa kesho yake, tatizo liko palepale.

Ushauri wangu hauna masharti: mlima utangulie. Ukishuka kutoka mlimani, pumzika siku moja au mbili na unywe maji ya kutosha, kwa maana uchovu na upungufu wa maji havimfai mpiga mbizi, kisha nendeni Unguja. Msipoweza kubadili tarehe, mke wako apige mbizi na wewe uogelee juu kwa miwani na bomba la kupumulia. Matumbawe mengi ya Mnemba yanaonekana vizuri hata hivyo.

Mwalimu wa Kiboriloni, Moshi

Naongezea la masikio, kwa kuwa mimi yalinitesa. Mwaka juzi nilifika Unguja nikiwa na mafua mepesi, nikawaeleza wahusika wa kituo tulichokwenda, nao wakaniambia yatapita. Nilipofika kama mita nne sikio la kushoto lilichomwa kana kwamba limeingizwa sindano, nikalazimika kurudi juu, na siku mbili zilizobaki nilizimaliza ufukweni nikiwatazama wenzangu wakiondoka na boti. Kaka, ukiwa na mafua usikubali kushuka, hata ukiambiwa nini. Ukiwa mzima, bana pua na upulize taratibu tangu mita ya kwanza, kabla maumivu hayajaanza. Maumivu yakija, panda kidogo, jaribu tena, na usione haya kuwasubirisha wengine.

Nilirudi mwaka uliofuata nikiwa na afya, na nakuambia kwa moyo wote kwamba akiba yenu haitapotea. Nilimwona kasa akila majani kama mbuzi, bila kutujali. Pono walikuwa wakitafuna mwamba, na sauti ya meno yao ilisikika kabisa ndani ya maji. Mimi nilishuka kwa utaratibu wa siku moja wa wanaoanza, ambao haupiti mita 12. Ninyi mkitaka cheti kamili tengeni siku tatu au nne. Mtatakiwa kuogelea mita 200 bila kikomo cha muda na kuelea dakika 10, kwa hiyo kutokuwa na kasi hakutakuzuia. Mtajaza pia fomu ya afya. Wenye pumu au maradhi ya moyo wamwone daktari kwanza, na mjamzito asishuke kabisa.

Mzee wa Soweto, Moshi

Wanangu, Februari mmechagua vyema, kwa sababu kaskazi ndiyo inayovuma na mvua za masika bado hazijatia maji tope. Ninaloomba ni moja. Tumbawe si jiwe, ni wanyama wadogo wanaoishi kwa msaada wa mwani ulio ndani yao. Maji yanapopata joto kupita kiasi mwani huo hutoka na tumbawe hubaki jeupe, kama ilivyotokea katika pwani yetu mwaka 1998. Aina nyingi hukua sentimita chache tu kwa mwaka. Teke moja la pezi la mguuni huvunja kilichoota tangu mwanao alipozaliwa. Jifunzeni kwanza kuelea bila kugusa kitu, mahali penye mchanga, ndipo mkaribie.

Mwongozaji wa Rau, Moshi

Mzee, shikamoo. Mama Njiro na Mwalimu, asanteni sana. Habari ya pakiti ya krispi nimeielewa mara moja, kwani ninazo kila safari. Jana nilizungumza na mwenzangu, naye amekubali kuichukua safari yangu ya Machame, mimi nichukue yake ya Marangu inayomalizika tarehe 9. Tutapumzika nyumbani tarehe 10 na 11, kisha twende. Mama, mbizi ya mwisho tukiimaliza saa nne asubuhi, ndege ya kesho yake saa sita mchana inatosha?

Mama Njiro, Arusha

Hiyo ni saa 26, inatosha. Ila ukifika nyumbani, usikubali kubebeshwa safari ya dharura ya mlimani wiki hiyo.