Mapipa ya rangi tatu yamekuja, unga wa mbao uko wapi? Kantini za shule Goma

Ndugu wa Goma, uzi huu ni wa hasira, mnivumilie.

Mtindo wa miradi ya kutenga taka shuleni ni ule ule. Yanaletwa mapipa matatu, la kijani la mabaki ya chakula, la manjano na jekundu, prefe (mkuu wa shule) anakata utepe, picha zinapigwa. Wiki ya tatu pipa la kijani linanuka, funza wanapanda ukutani, na mama wa kantini, ambaye hakuna aliyemfundisha lolote, anamwaga yote matatu kwenye chukudu moja, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili. Basi tunaambiwa: mboji Goma haiwezekani, chini ni mawe.

Mawe hayana kosa. Naomba yeyote mwenye bajeti ya mradi kama huo anionyeshe mstari mmoja tu: magunia ya unga wa mbao. Haupo. Wananunua plastiki ya kuwekea uchafu, kitu cha kuuozesha hawanunui.

Chakula kilichopikwa kina maji mengi na nitrojeni nyingi. Vijidudu vya mboji vinataka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa nitrojeni sehemu moja, na mabaki ya sahani yana kama 15. Kwa lugha ya jikoni: kila ndoo moja ya mabaki inataka ndoo mbili hadi tatu za vitu vikavu, yaani maranda, majani makavu, kartoni iliyochanwachanwa. Unga wa mbao peke yake unashikana na kuziba hewa, uchanganyeni na maranda au majani. Msichukue wa triplex (plywood) wala wa mbao zilizopakwa rangi au dawa.

Pigeni hesabu. Wanafunzi 300, kila mmoja akiacha gramu 60, ni kilo 18 kwa siku, karibu ndoo moja na nusu ya lita 20. Kwa siku tano mnahitaji lita 300 hadi 450 za vikavu. Hayo ni magunia manne makubwa kwa wiki, safari moja ya chukudu kutoka kwa mafundi wa mbao, ambao mara nyingi wanayachoma maranda yao tu nyuma ya atelye. Safari moja! Na bado tunaona "ukosefu wa vifaa" kwenye ripoti.

Sasa bugali (ugali). Hapa ndipo karibu wote wanaanguka, maana maelekezo yao yameandikwa na watu wanaokula mkate na saladi. Bonge la bugali likiingia zima kwenye lundo halipitishi hewa. Livunje baada ya wiki mbili: nje limeota ukungu wa kijani, katikati bado jeupe na linanata, linanuka kama kasiksi, pombe ya ndizi, iliyochacha. Lazima livunjwe kwa mkono wenye glavu au kwa mwiko hadi liwe vipande vidogo kuliko yai, kisha likorogwe na maranda papo hapo, kabla halijapoa na kushikana tena. Mchuzi wa maharagi uchujwe kwanza, ndoo iliyotobolewa matundu chini inatosha. Mabaki yenye mawese na chumvi nyingi yawe kidogo tu. Vichwa vya sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) na mifupa msitie kabisa, panya watawashukuru. Maganda ya viazi na majani ya kabichi hayana shida. Vijiti vigumu vya sombe (majani ya muhogo) vikatwe, la sivyo mtavikuta mwezi wa nne vikiwa vilevile.

Na "chini ni mawe"? Nani aliwaambia mchimbe? Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 hamtaitoboa kwa sururu ya shule. Pigeni sanduku juu ya ardhi, mita 1 kila upande, kwa mabanzi ya mkaratusi yenye nafasi ya sentimita 2 kati yake, na wavu wa chuma chini na pembeni. Likiwa dogo kuliko hapo halishiki joto. Chini tandikeni sentimita 15 za vijiti na maranda, kwa sababu majimaji yanayochuruzika yanapita kwenye nyufa za lava na hamyaoni tena. Juu turubai, kwa sababu mvua yetu mnaijua. Masanduku yawe matatu: moja linajazwa, la pili linachemka, la tatu linakomaa. Sanduku la kwanza likijaa mnahamisha, na kila wiki mnageuza kwa uma. Na kila mara juu ya mabaki mapya mnafunika kwa maranda, unene kama upana wa kiganja. Mabaki yakibaki wazi, nzi wanaanzia hapo.

Kipimajoto hakuna? Chomeka kipande cha ferabeto (nondo) katikati ya lundo, subiri dakika kumi. Ukikichomoa na huwezi kukishika, mko karibu na digrii 55, ni vizuri. Kikiwa baridi, geuzeni. Unyevu: kamata konzi, kamua. Tone moja au mawili ni sawa, maji yakitiririka ongezeni vikavu, likisambaratika nyunyizeni maji.

NYONGEZA, kwa waliouliza:

Majivu ya makala (makaa): hapana, acheni kuyamwaga kwa ndoo "kuua harufu". Yanaifukuza nitrojeni hewani kama amonia, ile harufu inayochoma pua ndiyo mbolea yenu inaondoka. Konzi mbili kwa wiki zinatosha.

Kuwapa nguruwe: bugali safi lililobaki sufuriani, ndiyo, na afadhali kuliko mboji. Lakini mabaki ya sahani yachemshwe dakika 30 huku mkikoroga, homa ya nguruwe iko nchini Kongo na inapita kwenye mabaki ya nyama. Na bugali likibaki sufuriani kila siku, pimeni unga upya asubuhi. Hilo si suala la mboji.

Vifuko vya plastiki: amri ya serikali ya Desemba 2017 ilivipiga marufuku, sasa vinafanya nini ndani ya pipa la kijani?

Bei ya mapipa: ndoo za rangi zilizooshwa, lita 20, zenye mfuniko. Hizo zinatosha. Pesa iliyobaki mpeni mwenye chukudu.