Mnaorekodi vijana wenu wanaobalehe ili watu wacheke, ACHENI!

Wakuu heshima kwenu. Nina hasira na sitazificha.

Wifi yangu, mtu mzima na akili zake, kamrekodi kijana wangu wa miaka 13 akitoa neno la shukrani mbele ya ndugu. Mtoto alijiandaa, kasimama vizuri, kaanza, katikati ya sentensi sauti ikapanda juu ikawa nyembamba, ikashuka, ikapanda tena. Akamalizia hivyo hivyo kwa ujasiri. Wa kwanza kuangua kicheko ni yeye aliyeshika simu, kwenye klipu anasikika kabisa. Akairusha kwenye grupu la familia, hakutosheka akaiweka statasi na vikatuni vya kulia kwa kucheka. Ndio najua statasi inajifuta baada ya saa 24, ila saa 24 ni nyingi mno, kuna mtu kaidaka, na mtu huyo ana mtoto, ikaishia kwenye grupu la darasa lao.

Sasa hivi mwanangu haongei. Ukimuuliza umeshiba anatikisa kichwa. Simu ikiita anamsukumia dada yake apokee. Darasani anajua jibu na hanyooshi mkono, kaniambia mwenyewe kwa kuniandikia meseji tukiwa nyumba moja, mimi sebuleni yeye chumbani.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba ile sauti tulikua tunaicheka nyumbani! Yeye ndo alianza. Siku moja anamuita mdogo wake, sauti ikakatika, akasema "samahani, redio bado inatafuta stesheni", tukacheka mpaka tukakaa chini, na yeye akicheka kuliko wote. Kuanzia hapo ikikatika tu mdogo wake anauliza "vipi, imeshika?" Utani ule ulikua wake, kautunga yeye na anaamua yeye lini uchekwe. Yule shangazi yake kamnyang'anya kaenda kuugawa kwa watu asiowajua, na tangu siku hiyo humu ndani hakuna tena anaethubutu kuuliza kama imeshika.

Wengine nawasikia mkisema "ni utani tu, mtoto lazima akomae". Akomae vipi? Hivi mnajua kinachoendelea kwenye koo la mtoto wa kiume umri huo? Homoni zinakuza zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti kooni, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa ndani ya muda mfupi, na ubongo unatakiwa ujifunze upya kuziongoza, ndo maana zinamponyoka katikati ya neno. Hajakosea kitu na hawezi kujizuia. Ni sawa na nyie mnaopiga picha binti amelala mpaka saa tano asubuhi mnaandika "uvivu huu jamani". Saa ya mwili wa kijana inasogea mbele, usingizi unachelewa kumjia usiku, na bado anahitaji saa 8 mpaka 10 za kulala. Mnamwanika kwa sababu mwili wake unakua??

Na umri huu ndo mbaya kuliko wote kwa hiyo michezo. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, David Elkind, aliandika mwaka 1967 kwamba kijana anaishi akiamini ana hadhira, anaona kila mtu anamtazama yeye, chunusi yake, nguo yake, anavyotembea. Mzazi kazi yake ni kumtuliza, mwanangu hakuna anaekuangalia, kila mtu ana mambo yake. Sasa mimi nimwambie nini wangu wakati hadhira ipo kweli, tena imeletwa na shangazi yake?

Msije mkanijibu eti sipendi kucheka. Nina binti wa miaka 16 pia, kulea hawa wawili bila kucheka ningeshaugua. Binti asubuhi ananiambia mama nishushe kule kwenye kona, usifike getini, na usipige honi, na kama utaniaga niage kwa macho. Usiku wa manane huyo huyo anakuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu, mimi usingizi umenikolea, anaanza "mama umelala?" na hapo inamwagika stori ya nani kagombana na nani toka mwanzo mpaka mwisho na sauti zote anaigiza. Nacheka mpaka mto unalowa. Saa hiyo ndo naambiwa ya maana pia, kicheko kikishamlegeza anataja lile lililomleta. Ndo maana nawaambia kicheko na kijana ni kitu cha kulinda, akishahisi anachekwa nje hatakuja tena kukaa kwenye kitanda chako, atakaa na simu yake.

Kuna ndugu kaniambia "mtoto ni wetu sote, kwani ukoo hauruhusiwi kumcheka?". Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 16, unalinda faragha ya mtoto pamoja na heshima na jina lake. Ufaransa mwaka 2024 walipitisha sheria kabisa kwamba wazazi wana wajibu wa kulinda haki ya mtoto juu ya picha yake na wamshirikishe kulingana na umri wake. Wazazi hao! Sembuse shangazi ambae hakumuuliza mtoto wala hakuniuliza mimi.

Swali la "naweza kuiposti hii?" linachukua sekunde ngapi? Akisema hapana, ni hapana, hata kama klipu inachekesha kiasi gani.

Wifi nimemuandikia afute kila mahali alipoiweka, na aombe radhi kwenye grupu lile lile la familia, sio kwangu pembeni, aombe kwa mtoto kwa jina lake watu wote waone. Tiki za bluu zimeshawaka, jibu hakuna, na shughuli yake nyingine inakaribia na ananitumia mtu aulize kama tutakuja. Hatuji. Na wewe unaesoma hapa kama hiyo klipu imekufikia, usiisambaze, ifute.