Kidato cha nne kutazama tamthilia jukwaani kwa mara ya kwanza: niwaandae vipi?

Mwl_Fasihi
Hamjambo walimu. Nina wanafunzi 52 ambao hawajawahi kuona mchezo ukiigizwa mbele yao. Kikundi kimoja kitaigiza tamthilia teule, ile wanayotahiniwa, Nairobi, Kenya National Theatre. Kingine kiko tayari kuja kwenye ukumbi wetu wa shule. Nichague lipi? Na nifanyeje wafaidike kwa karatasi ya tatu ya mtihani wa kitaifa, ile ya fasihi, wasiende kucheka tu?

Pazia
Mkimudu mafuta ya basi, nendeni Nairobi. Ukumbi wa shule una sakafu tambarare. Kuanzia safu ya sita hivi mtu huona visogo tu. Halafu paa ni mabati, na waigizaji wengi hawana maikrofoni. Mvua ikianza, maneno yote yamemezwa. Ikibidi iwe shuleni, igizo liwe asubuhi, na upange mikeka mbele, kisha mabenchi, kisha viti, nyuma kabisa meza za kukalia.

Mkienda, fikeni dakika 45 mapema. Wanafunzi 52 hawamalizi msalani kwa dakika kumi, na taa zikishazimwa kila anayeingia hukanyaga miguu ya watu. Msipiganie safu ya kwanza, shingo zitawauma. Kaeni katikati, kuanzia safu ya nne.

NyumaYaJukwaa
Wamezoea runinga, kwa hiyo waambie jambo moja mapema: mwigizaji anawasikia. Wakicheka, mzoefu husubiri kicheko kishuke ndipo aendelee. Chipukizi hasubiri, na sentensi inayofuata inapotea, pengine ndiyo iliyobeba fumbo la onyesho zima. Kukitokea kofi au kumbatio watapiga mbinja. Waache, hutulia wenyewe. Mwalimu anayesimama kukemea ndiye huharibu zaidi. Simu zizimwe kabisa, maana hata mwanga wa kioo humfikia aliye jukwaani. Giza la katikati ni la kubadilisha vifaa, asiinuke mtu.

Msahihishaji
Yote sawa, ila hatari kubwa haijatajwa: jukwaa si kitabu. Vikundi hukata maonyesho ili muda utoshe, mwigizaji mmoja hubeba wahusika wawili au watatu, na utani wa Sheng huongezwa ili vijana wachangamke. Swali likija "Eleza muktadha wa dondoo hili (alama 4)", msemaji, msemewa, mahali na sababu lazima vitoke kitabuni. Akiandika utani wa jukwaani, hapati kitu. Kwa hiyo asipande basi ambaye hajamaliza kitabu. (Muhtasari wa mtandaoni hauhesabiwi.)

Wagawe makundi ya watu sita hivi, kila kundi na mhusika wake. Waangalie anaingilia upande gani, amevaa nini, anamkwepa nani kwa macho anapozungumza. Huko ndiko sifa za wahusika huonekana wazi kuliko darasani. Wasiandike gizani, waandike kwenye basi mkirudi. Kesho yake fungueni maelekezo ya jukwaani kitabuni na mlinganishe: mwelekezi amefuata lipi, amepuuza lipi, na maana imebadilika wapi?

Mwl_Fasihi
Shukrani sana. Kitabu waingie nacho?

Msahihishaji
Hapana, mwalimu. Karatasi hupiga kelele, na anayefuata mistari hatazami jukwaa. Vitabu vibaki kwenye basi.