Naomba ushauri: kalenda ya JavaScript inamkwamisha asiyeona

Wakuu, natengeneza tovuti ya kukata tiketi za boti Mwanza–Nansio. Kalenda ya kuchagua tarehe ni programu-jalizi ya JavaScript. Jamaa yangu wa Nyegezi, haoni, anatumia NVDA (programu ya kusoma skrini kwa sauti), kaijaribu: inamsomea namba tupu, "kumi na nne", bila mwezi wala siku. Halafu ukiingia mle kwa kitufe cha Tab hutoki bila mausi. WCAG (miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na wenye ulemavu) kipengele 2.1.2 kinakataza hilo, tena ni ngazi A, ya chini kabisa!

Sasa niiongezee ARIA (maelezo ya ziada kwenye msimbo kwa ajili ya programu za kusoma skrini), au niing'oe niweke sehemu ya tarehe ya HTML yenyewe? Mteja kaipenda kalenda hii kwa rangi zake (wateja nao!). Abiria wengi wanatumia Android za bei nafuu. Aliyewahi kupambana na hili anisaidie.