Nyumba mpya Kigamboni: mbegu za ukoka, nyasi za Pemba au pasipalamu?

MjengoMpya (Kigamboni)
Wakuu habarini. Nyumba imekwisha, ukuta umesimama, sasa nataka majani uani. Eneo ni kama mita za mraba 300. Udongo ni mchanga mtupu, na mafundi wameacha mabaki ya zege na chokaa kila kona. Mbele jua linapiga kutwa, nyuma kuna mwembe mkubwa ambao siukati. Maji ni ya kisima na yana chumvi kidogo. Watoto watacheza hapo kila siku.

Dukani nimeona pakiti za mbegu kutoka nje, picha inavutia sana. Jirani mmoja ananishauri nyasi za Pemba, mwingine pasipalamu. Mwenye uzoefu anilinganishie kabla masika hayajachanganya.

Ruaka254
Kwangu ni kikuyu tu. Inafunga ardhi haraka, watoto wanaikanyaga wanavyotaka na bado inarudi. Mbegu zake zipo lakini ni ghali, ndiyo maana watu wengi hununua vipande vya mizizi. Jaribu hiyo.

MamaWaNyali
Ruaka, hapo kwenu ni sawa, lakini usimpeleke mwenzetu huko. Kikuyu ni nyasi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, kwao ni kuanzia kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Limuru, Lushoto, Mbeya, huko inastawi. Ukiileta pwani kwenye joto na mchanga inabaki kudhoofu, unaimwagia maji bila kuona faida.

Na hizo pakiti za picha, ndugu yangu, geuza usome nyuma. Ukikuta Lolium, Festuca au Poa, rudisha rafuni. Hizo ni nyasi za nchi za baridi. Zitaota vizuri, utafurahi, halafu joto la Januari na Februari litazimaliza.

MicheBoko
Namuunga mkono dada wa Nyali. Mimi nauza miche na nyasi, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo.

Kwanza, ukienda duka la pembejeo ukasema tu "naomba mbegu za majani", mara nyingi utapewa Boma Rhodes. Hiyo ni malisho ya ng'ombe, Chloris gayana, inapanda hadi kiunoni na haifungi ardhi kama kapeti. Taja jina kamili la unachotaka.

Kwa mazingira yako, mbegu yenye maana ni ya ukoka, Cynodon dactylon. Pakiti nyingi huandikwa Bermuda, ni nyasi ileile. Inapenda jua kali, inavumilia ukame na chumvi ya wastani, na ikikanyagwa inajitengeneza yenyewe. Tafuta iliyokobolewa, inaota mapema kuliko yenye ganda, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi tatu kama udongo una joto na haukauki. Kadiria gramu 5 hadi 10 kwa mita ya mraba. Mbegu ni ndogo mno, kilo moja ina zaidi ya milioni tatu, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ndipo umwage, nusu ukienda huku, nusu ukikatisha. Pitisha reki juujuu tu, zisizame zaidi ya nusu sentimita.

Tatizo la mbegu ni masika yenyewe. Mvua moja kubwa ya Aprili inazisomba zote na kuzirundika kwenye kona ya ukuta. Ukitaka mbegu, mwaga wiki kadhaa kabla ya mvua kubwa na umwagilie mwenyewe, au subiri vuli. Vipande vya ukoka vilivyochomekwa ardhini havisombwi kirahisi, na vinaziba mapema. Ukivipanda kwa nafasi ya sentimita 20, mita ya mraba inachukua vipande 25. Kazi ni nyingi, lakini mita moja ya nyasi nzima ukiichambua inapanda mita kumi na zaidi. Kwa mita 300 mimi ningechomeka, nikaacha habari ya mbegu.

Kijani_Muscat
Assalaam aleikum. Niongezee kwenye chumvi, maana huku Ghuba ndiyo shida yetu ya kila siku. Kama maji ni ya chumvi kweli, pasipalamu ya pwani, Paspalum vaginatum, inashinda ukoka. Lakini hakikisha unapewa hiyo yenye majani membamba. Ukoo wa Paspalum ni mkubwa, na baadhi ni malisho ya majani mapana.

Ukipanda mbegu kwa maji hayo, jua kwamba mche mchanga hauvumilii chumvi kama nyasi iliyokomaa. Peleka maji yapimwe kwanza. Na unapomwagilia, mwagilia kwa wingi siku chache badala ya kunyunyiza kidogo kila jioni, ili chumvi ishuke chini na isikusanyike juu.

MjengoMpya
Nashukuru sana. Kwa hiyo mbele ukoka. Chini ya mwembe je? Naweza kuotesha ukoka huohuo?

MamaWaNyali
Usijaribu. Ukoka usipopata jua kwa muda wa saa sita hivi kwa siku unakonda, unabaki nywele mbili tatu. Chini ya mwembe weka nyasi za Pemba, hapo jirani yako yuko sahihi. Ni nyasi ya pwani yetu hii hii, Stenotaphrum dimidiatum, majani mapana, inavumilia kivuli na hewa ya chumvi. Hupandwa kwa vipande, usihangaike kutafuta mbegu. Isikatwe chini sana, iache sentimita 5 na zaidi. Ubaya wake ni kwamba haipendi mpira wa watoto kila siku kama ukoka, na majani ya mwembe yanayoanguka lazima yazolewe, la sivyo yanaifunika na kuiozesha.

Tenganisha pande mbili kwa njia ya mawe au tofali. Zikikutana zitaingiliana, na ukoka utaingia hadi kwenye maua yako.

MtunzaUwanja
Watu wameongelea nyasi, hakuna aliyegusa ndago. Mkuu, kabla ya kununua chochote angalia kama uani kuna ndago. Ina viazi vidogo chini ya ardhi, ukiing'oa juu inachipua upya. Ukiotesha nyasi juu yake, utaipalilia miaka. Mwagilia eneo tupu, subiri ichipue, chimba na viazi vyake, kisha rudia. Natamani kila anayejenga angefanya hivi kabla ya kuita mtu wa nyasi.

Zege na chokaa ondoa kwa toroli, usizifukie. Mchanga wako hauna chakula wala hauhifadhi maji, changanya samadi iliyooza kabisa kwenye sentimita 10 hadi 15 za juu. Samadi mbichi inaunguza na inaleta mbegu za magugu. Sawazisha mteremko utoke nyumbani, maji yasirudi kwenye msingi.

MjengoMpya
Ndago ipo, nyingi, upande wa geti. Basi naanza na hiyo, mbele nachomeka ukoka mvua zikianza, nyuma Pemba. Maji napeleka kupimwa wiki hii. Ukoka nianze kuukata lini?

MtunzaUwanja
Vuta kidogo kwa mkono. Ukiona umeshika na umefika kama sentimita 6, kata, lakini usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Noa kisu cha mashine kwanza, kisu butu kinachana ncha na uwanja unageuka rangi ya kahawia. Mvua zikianza kagua asubuhi na jioni, viwavijeshi wakiingia wanatafuna eneo kubwa kwa siku chache.