Kadi ya waifai ya BCM43142 na skrini nyeusi kwenye Ubuntu: wl, kidude cha USB, au kubadilisha kadi?

mwalimu_jinja
Habari zenu. Nina laptopu ya mtumba niliyonunua Kampala, ndiyo ninayofundishia TEHAMA hapa Jinja. Nimeweka Ubuntu 24.04. Waifai haionekani kabisa, na nisipoandika nomodeset kwenye GRUB (menyu ya kuwashia mfumo) skrini inabaki nyeusi. Amri ya lspci -nnk inaonyesha:

Broadcom BCM43142 [14e4:4365]
Intel HD Graphics (i915)
NVIDIA GeForce 920M (nouveau)

Kwa waifai nafikiria draiva ya wl (ya Broadcom wenyewe), kidude cha USB, au kubadilisha kadi ya ndani. Kwa skrini: nibaki na nomodeset, niizime nouveau (draiva huria ya chipu za Nvidia), au niweke draiva ya Nvidia? Shuleni hakuna mtandao wa waya, na bando nanunua kwa pesa yangu.

fundi_mbarara
Mwalimu, umefanya vyema kuleta namba. Kwa 4365, b43 (draiva huria ya kadi nyingine za Broadcom) haifai, kwa hiyo usimalize bando kushusha firmware-b43-installer kama wengi wanavyoelekezana. Ukitaka kutumia kadi hiyohiyo, ni wl tu. Unganisha simu kwa waya wa USB na uruhusu igawe intaneti kupitia waya huo. Ubuntu itaiona kama mtandao wa waya. Halafu:

sudo apt update
sudo apt install bcmwl-kernel-source

Tazama pia mokutil --sb-state. Kama Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizo na saini inayotambulika) imewashwa, utaombwa utunge nywila wakati wa kusakinisha. Mashine ikiwaka upya itatokea skrini ya bluu: chagua Enroll MOK, uandike nywila ileile. Watu huipita skrini hiyo kwa haraka, kisha wanasema draiva ni mbovu, kumbe kerneli (kiini cha mfumo) imeikataa kwa sababu haitambui saini yake.

aber_gulu
Kaka fundi, kwa kuiwasha leo nakubaliana nawe. Kwa kukaa nayo miaka, hapana. Broadcom haijatoa toleo jipya la wl tangu 2015; wanaoihuisha ni watu wa Debian na Ubuntu, wanaoitia viraka kila kerneli inapobadilika. Mimi ningetafuta kidude chenye chipu ya AR9271. Draiva yake, ath9k_htc, imo ndani ya kerneli yenyewe, na faimwea yake ni huria. Inashika 2.4 GHz tu, lakini hata BCM43142 ni hivyohivyo, hupotezi kitu.

Ila usinunue kwa kusoma boksi! Watengenezaji hubadilisha chipu ndani na jina la nje likabaki lilelile. Nenda dukani na laptopu, chomeka, andika lsusb. Ukiona 0cf3:9271, lipa.

opio_tek
Kubadilisha kadi ni njia safi, lakini baadhi ya laptopu zina orodha ya kadi zinazokubaliwa ndani ya BIOS. Ukiweka nyingine inagoma kuwaka. Usinunue kadi kabla hujahakikisha.

dada_wa_arua
Mmesahau skrini, na mimi naona ndiyo inayomtesa mwalimu zaidi. nomodeset ni ya kujiokoa tu. Inaifunga i915 (draiva ya Intel) pamoja na nouveau, ndiyo maana ukiitumia picha inakosa ukubwa wake na mwanga wa skrini haupungui. Kwenye GRUB bonyeza e, nenda mstari unaoanza na linux, futa nomodeset uandike modprobe.blacklist=nouveau, kisha F10. Skrini ikiwaka vizuri, Intel yako ni nzima, mkosaji ni nouveau.

Sasa, kuizima nouveau pekee kuna gharama: chipu ya Nvidia inaweza kubaki inakula betri bila kazi, na mwalimu anayefundisha umeme ukikatika anajua uzito wake. Kwa 920M ningeweka nvidia-driver-470, kisha sudo prime-select intel, uwashe upya. Kazi yote inafanywa na Intel, Nvidia inazimwa. Tatizo la 470 ni kwamba Nvidia imeacha kuihudumia tangu 2024, kwa hiyo usikimbilie kerneli mpya.

mwalimu_jinja
Asante sana dada, na wote. Nouveau ilikuwa ndiyo yenyewe. Nimeweka 470 na prime-select, skrini iko sawa na mwanga unapungua. wl nayo imekubali baada ya ile skrini ya bluu. Je, nikisasisha mfumo vitakufa?

fundi_mbarara
Vyote viwili lazima viendane na kerneli iliyopo. Hakikisha linux-headers-generic (faili zinazohitajika kuijengea kerneli draiva) imesakinishwa, na baki kwenye kerneli 6.8 iliyokuja na 24.04. Kila baada ya kusasisha, kabla ya kuzima mashine, andika dkms status (dkms ndiyo inayojenga upya draiva kwa kila kerneli): bcmwl ionekane imesakinishwa kwa kerneli mpya. Isipoonekana, ukiwasha chagua kerneli ya zamani kwenye GRUB, sehemu ya Advanced options, uendelee na vipindi vyako huku tukitafuta sababu. Kidude cha dada Aber nunua pia ukipata nafasi, kikae kwenye begi.