Kufukiza ubani na udi: ni ibada, ni harufu, au ni kinga?

Mrithi wa Chetezo aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Nimelelewa katika nyumba ambamo chetezo kiliwashwa kila jioni, na tangu bibi yangu afariki, kazi hiyo nimeirithi mimi bila kurithi maelezo yake. Nikimuuliza mama, ananiambia kwamba moshi hufukuza mabaya. Nikimuuliza mjomba, anasema ni harufu tu, na kwamba watu wa zamani walikuwa wakifunika uvundo. Na jirani yetu mmoja husisitiza kwamba ubani huua vijidudu vya magonjwa vilivyomo hewani. Naomba kujua kusudi hasa la kufukiza ni lipi, na kama ya kiroho na ya matumizi ya kawaida yanaweza kutenganishwa. Nina sababu nyingine ya kuuliza: mwanangu mdogo ana pumu, nami sipendi kuacha jambo nisilolielewa, wala kuling'ang'ania kwa ukaidi.

Msomaji wa Zamani alijibu:

Ndugu muulizaji, tuanze na vitu vyenyewe, kwa maana watu huviita kwa jina moja vitu vilivyo mbalimbali. Ubani ni utomvu wa miti ya jamii ya Boswellia, ambayo huota Omani, Yemeni, Somalia, Ethiopia na India. Gome hukwaruzwa, utomvu hutiririka mweupe kama maziwa, kisha huganda ukawa punje. Udi hutokana na miti ya Aquilaria ya Asia, na la ajabu ni kwamba mti wenye afya hauna harufu ya kutajika: ni pale unapojeruhiwa na kuvamiwa na kuvu ndipo hujikinga kwa kutoa utomvu mweusi wenye manukato. Kwa hiyo udi wa kweli ni adimu, na biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa kwa mkataba. Vijiti vingi vinavyouzwa kwa jina la udi ni unga wa mbao, gundi na manukato ya kiwandani.

Sasa kusudi. Katika kitabu cha Kutoka sura ya 30, Waisraeli wanaagizwa kuchanganya viungo vya manukato viitwavyo natafi, shekelethi na kelbena pamoja na ubani safi kwa kipimo kimoja, na papo hapo wanakatazwa vikali kutengeneza mchanganyiko kama huo kwa ajili ya kujinusia wenyewe. Hapo mjomba wako anashindwa, kwa sababu kama shabaha ingekuwa kunukia tu, katazo hilo lisingekuwa na maana. Mwenye Zaburi ya 141 naye anaomba sala yake ipae kama uvumba, yaani moshi umekuwa mfano unaoonekana kwa macho wa jambo lisiloonekana.

Katika Uislamu hali ni tofauti, kwani hakuna sala ambayo usahihi wake unategemea kufukiza buhuri. Kufukiza msikiti ni sehemu ya usafi na adabu ya mahali, kwa mantiki ile ile ambayo aliyekula kitunguu saumu kibichi aliambiwa asiukaribie msikiti, asije akawaudhi wengine kwa harufu. Hapo mjomba anapata pointi yake. Kwa Wabudha, kijiti kinachoteketea humkumbusha mtu kwamba hakuna kinachodumu, na watawa wa Zen hukitumia kijiti hicho hicho kupimia muda wa kutafakari: kikiisha, kikao kimekwisha. Wachina walikwenda mbali zaidi, wakatengeneza saa za uvumba ambamo unga hupangwa katika mfereji uliopindapinda, na moto ukifika mahali fulani wanajua ni saa ngapi. Basi niambie, hicho ni chombo cha ibada au ni saa? Mimi naona swali la kutenganisha ni la kwetu sisi wa leo. Wao walitumia moto mmoja kwa yote mawili.

Kuna pia chetezo kikubwa cha kanisa kuu la Santiago de Compostela huko Hispania, chenye uzito unaozidi kilo 50, ambacho huhitaji watu 8 kukivuta kwa kamba. Husemwa mara kwa mara kwamba kilibuniwa kwa ajili ya harufu ya mahujaji waliotembea majuma mengi. Huenda kilisaidia, lakini uvumba ulikuwa sehemu ya ibada ya Kanisa kabla ya hapo.

Mpima Hewa alijibu:

Hayo ya ibada nawaachia wenyewe. Nitasema kuhusu moshi tu, kwa sababu mapafu hayabagui moshi mtakatifu na moshi wa jikoni. Uvumba unapoungua hutoa chembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, pamoja na gesi ya kaboni monoksidi na kemikali kama benzini na fomaldehaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linashauri wastani wa chembe hizo usizidi mikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo kwa saa 24, na chumba kilichofungwa chenye kijiti kinachowaka huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia Wachina zaidi ya 61,000 wa Singapore, uliwakuta waliofukiza kwa miaka mingi wakiwa na hatari kubwa zaidi ya baadhi ya saratani za njia ya juu ya hewa.

Dai la jirani lina chanzo chake, kwani mafuta ya ubani yamewahi kuzuia bakteria katika vyombo vya maabara. Lakini mafuta yaliyowekwa juu ya bakteria si sawa na moshi unaoelea chumbani, na moshi huo hausafishi hewa, unaichafua. Hata dawa ya mbu ya kuchoma hufanya kazi kwa sababu ya sumu ya pareto au jamii yake iliyotiwa ndani, si kwa sababu ya moshi wenyewe. Kwa mtoto mwenye pumu, ushauri wangu ni mmoja: usifukize ndani.

Mkaa na Jivu alijibu:

Nakubali, ila anayetaka harufu bila moshi mwingi anaweza kupasha punje za ubani kwenye kichomeo cha umeme chenye joto dogo, zikayeyuka bila kuungua. Mkaa, hata ulioonekana kuzimika, usilale nao chumbani. Jivu huficha moto kwa saa nyingi.

Mrithi wa Chetezo aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Sikujua kwamba uvumba uliwahi kuwa saa, na sasa naelewa kwa nini bibi alikuwa akisema, "punje mbili kisha tulale." Nimezungumza na mama, naye amekubali chetezo kihamie uani, mbali na madirisha. Ameuliza tu, kwa uzito kabisa, mabaya yatajuaje kwamba nyumba inalindwa ikiwa moshi uko nje. Bado sijamjibu.